Brugge kwa treni pamoja na mwenzi wako: lala Ijumaa na Jumamosi, usiende kupita

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, hasa mnaoishi Uingereza na mnaotafuta mahali pa kwenda na wenzi wenu kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku, naomba niwaeleze kwa kirefu kuhusu mji wa Brugge, ulioko kaskazini-magharibi mwa Ubelgiji, na kwa nini safari ya treni ndiyo inayoufaa. Mimi na mume wangu tunaishi London, na mji huu ndio tunaouchagua kila tunapopata nafasi ya kuondoka bila watoto. Jambo moja ninalotaka mlishike ni kwamba Brugge ni mji wa kulala. Anayekwenda kwa siku moja, akashuka saa nne asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, hukutana na makundi ya watalii wanaofuata bendera za viongozi wao, na hurudi akisema kwamba majengo ni mazuri lakini hakuna mahali pa kupumulia. Simlaumu, kwa kuwa ndivyo mji ulivyo katika saa hizo. Lakini mji huohuo saa tatu usiku, au saa moja asubuhi siku ya Jumapili, ni mahali pengine kabisa, na saa hizo huzipata aliyelala tu.

Nianze na reli. Treni ya Eurostar hutoka kituo cha St Pancras na kufika Brussels kwa muda wa saa mbili hivi. Kati ya muda huo, kama dakika ishirini tu hupita chini ya bahari, katika handaki lililofunguliwa mwaka 1994, lenye urefu wa kilomita 50 ambazo 38 kati yake ziko chini ya maji. Ukaguzi wa pasipoti wote hufanyika London kabla ya kupanda: maofisa wa mpakani wa Ufaransa wamekaa ndani ya St Pancras na ndio wanaokagua wanaoingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa hiyo ukishuka Brussels unatoka moja kwa moja kama abiria aliyetoka mtaa wa pili. Hakuna sharti la vimiminika vya mililita 100, na mabegi mawili pamoja na mkoba mdogo yanaruhusiwa kwa kila abiria. Ninachowasihi ni kufika kituoni mapema, saa moja na nusu kabla ya safari, kwa sababu malango hufungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka na foleni za Ijumaa jioni ni ndefu. Kumbukeni pia kwamba Ubelgiji iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, kwa hiyo treni inayotoka saa kumi na moja jioni huwafikisha Brussels karibu saa mbili usiku kwa saa za huko.

Kituo mnachoshukia Brussels kina majina mawili kwenye vibao, Midi kwa Kifaransa na Zuid kwa Kiholanzi, na hata Brugge yenyewe huandikwa Bruges mara bao linapogeukia Kifaransa. Tafuteni treni inayoelekea Oostende, Knokke au Blankenberge, kwa kuwa zote hupitia Gent na kusimama Brugge baada ya muda wa saa moja hivi. Tiketi za treni za ndani za Ubelgiji hazifungwi na kiti wala na treni maalumu, hivyo Eurostar ikichelewa hampotezi kitu, mnapanda inayofuata. Reli hizi ni za kale kwelikweli. Njia ya kwanza ya treni ya mvuke ya abiria katika bara la Ulaya ilifunguliwa kati ya Brussels na Mechelen mwaka 1835, na kufikia mwaka 1838 treni zilikuwa tayari zinafika Brugge.

Uzuri wa treni kwa wanandoa si kasi pekee. Ndege ingewachukua dakika chache zaidi ya arobaini angani, lakini ingewalazimu kwenda uwanja ulio mbali na mji, kusubiri, kushuka katika uwanja mwingine ulio mbali, kisha kutafuta treni vilevile. Kwenye treni mnakaa ubavu kwa ubavu, mnafungua chakula mlichofunga nyumbani, mnazungumza bila kukatizwa na matangazo ya mikanda ya viti. Kwa watu waliozoea kuonana saa nne usiku wakiwa wamechoka, mazungumzo hayo ya saa tatu ndiyo mwanzo halisi wa mapumziko.

Sasa nieleze kwa nini mji mzima wa zama za kati umebaki umesimama, maana bila kulijua hili mtatembea katikati ya majengo bila kuyasikia yanasema nini. Brugge haiko ufukweni. Mwaka 1134 dhoruba ilipasua pwani na kufungua mkono wa bahari ulioitwa Zwin, na meli zikaweza kusogea hadi Damme, bandari ndogo ya jirani, ambako mizigo ilihamishiwa kwenye mashua na kuingizwa mjini kwa mfereji. Kwa karne mbili na zaidi, sufu ya Uingereza iliyosokotwa na mafundi wa Flanders, eneo lenye Brugge, kuwa vitambaa, manyoya na samaki wa miji ya Hanse, umoja wa miji ya biashara ya kaskazini, viungo na hariri vilivyoletwa na Wagenoa na Wavenisi, vyote vilikutana hapa. Wafanyabiashara walikusanyika mbele ya nyumba ya wageni ya ukoo wa Van der Beurze kupatana bei ya fedha na hati za malipo, na wanahistoria wengi wa masoko ya fedha ya Ulaya huanza simulizi lao katika kiwanja hicho kidogo, ambacho mtakivuka kwa hatua chache tu.

Kisha Zwin ikaanza kujaa mchanga na tope, na meli kubwa zikashindwa kuingia. Siasa nayo ikaongeza uzito: mwaka 1488 wenyeji walimweka kizuizini mtawala wao, Maximilian wa Austria, katika nyumba ya Craenenburg, kwenye uwanja wa Markt, na alipoachiliwa hakuwasahau. Wafanyabiashara wa kigeni wakahamia Antwerp mmoja baada ya mwingine. Kufikia katikati ya karne ya 19 Brugge ilihesabiwa miongoni mwa miji maskini zaidi ya Ubelgiji, na kwa kuwa hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, nyumba za matofali na mifereji vikabaki palepale vilipokuwa. Sisi tuliokulia pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana mambo haya ya bandari kuhama na mji kubaki na nyumba zake. Nilifurahi sana nilipotambua kwamba UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Brugge katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mwaka uleule ilipouingiza Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Kwa hiyo, mpangilio wangu wa saa ni huu. Ijumaa usiku msifanye kitu kikubwa. Kituo cha treni kiko nje kidogo ya mifereji inayouzunguka mji wa kale, na kwa miguu ni kama dakika ishirini hadi Markt. Tembeeni, hata kama basi lipo. Wekeni mizigo, kisha tokeni tena baada ya chakula. Nendeni hadi Rozenhoedkaai, pale mifereji inapokutana, na mnara wa kengele wa Belfort unapoonekana nyuma ya paa, mahali ambapo mchana watu hupanga foleni ili wapige picha. Usiku mtasimama wenyewe kadiri mtakavyo. Kutoka hapo fuateni mfereji hadi uwanja wa Jan van Eyck kwa njia ya Spiegelrei. Zamani mashua za mizigo zilifika hapa, na nyumba ya ushuru ya karne ya 15 bado inatazama maji.

Jumamosi amkeni mapema. Saa mbili na nusu asubuhi, kabla mabasi hayajafika, uwanja wa Burg huwa wa wenyeji wanaokwenda kazini na sokoni. Jengo la halmashauri ya mji lilianza kujengwa mwaka 1376, nalo ni miongoni mwa ya kale kabisa ya aina yake katika eneo lote la Flanders na Uholanzi. Pembeni kuna kanisa dogo la Damu Takatifu, la chini likiwa la mawe mazito ya karne ya 12 na la juu likiwa na rangi nyingi, ambapo huhifadhiwa masalia yanayoaminiwa kuwa ya damu ya Yesu, ambayo mapokeo husema yaliletwa na Mtemi Thierry wa Alsace aliporejea kutoka vita vya msalaba. Msafara wa masalia hayo hufanyika kila mwaka siku ya Kupaa kwa Bwana.

Mchana, mji ukijaa, ingieni ndani. Katika jumba la Groeninge kuna mchoro wa Jan van Eyck wa mwaka 1436, unaomwonesha Bikira Maria pamoja na kasisi Joris van der Paele, na ninawaomba muusimamie kwa muda mrefu. Mzee yule ameshika miwani yake juu ya kitabu. Mishipa ya kichwa inaonekana, ngozi imelegea, na zulia lililo miguuni pa Maria limechorwa uzi kwa uzi. Van Eyck aliishi Brugge hadi alipofariki mwaka 1441. Baada ya hapo nendeni hospitali ya kale ya Sint-Jan, iliyoanzishwa karne ya 12, ambayo leo ni makumbusho yenye kazi za mchoraji Hans Memling. Kati ya hizo ni sanduku la masalia ya Mtakatifu Ursula la mwaka 1489, dogo kama jeneza la mtoto, lililochorwa pande zote kama nyumba ya dhahabu. Mbele yake, ng'ambo ya barabara, ni kanisa la Mama Yetu, lenye mnara wa matofali wa takriban mita 115. Ndani kuna sanamu ya marumaru ya Maria na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo mwanzoni mwa karne ya 16 na kununuliwa na wafanyabiashara wa Brugge. Wafaransa waliichukua mwaka 1794 ikarudishwa baada ya kuanguka kwa Napoleon. Wajerumani waliichukua mwaka 1944 ikapatikana katika mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria. Ukiitazama ukijua imepita wapi, uso wa yule mama unaojiinamia hubadilika.

Jambo moja dogo: nyuma ya kanisa hilo kuna daraja la mawe la Bonifacius, lililofunikwa na miti, ambapo kila jozi ya wapenzi hupiga picha kwa imani kwamba ni la zama za kati. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na ni changa kuliko reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901. Pigeni picha hata hivyo, kwa kuwa ni daraja zuri.

Jumapili asubuhi ndiyo ninayoipenda kuliko saa zote. Nendeni Begijnhof, ua wa nyumba nyeupe ulioanzishwa mwaka 1245 na Margaret wa Constantinople, mtawala wa Flanders. Waliishi hapo wanawake waliojitolea kwa sala na kazi bila kula viapo vya kudumu vya utawa. Walimiliki mali zao, walifanya kazi za mikono, na waliruhusiwa kuondoka na kuolewa. Katika karne ambazo mwanamke alikuwa na milango miwili tu, ndoa au utawa, hawa walijijengea mlango wa tatu, na mimi humheshimu kila aliyekaa pale. Tangu mwaka 1927 ua huo unatunzwa na watawa wa Kibenedikto. Ukimya unaombwa kwenye lango, na wageni wengi huutii. Ukitoka kwa lango la kusini unafika Minnewater, ziwa dogo lenye bata maji, na kutoka ziwani hadi kituo cha treni ni mwendo mfupi tu, kwa hiyo mnaweza kupitia hapo na mizigo yenu mkielekea nyumbani.

Mchangiaji kutoka Birmingham

Dada yangu, nakushukuru kwa uzi wenye maelezo ya kina. Nina maswali matatu na pingamizi moja. Kwanza, mimi na mke wangu tuna pasipoti za Kenya na kibali cha kuishi Uingereza. Je, tunahitaji viza? Pili, mke wangu si mpenzi wa makumbusho hata kidogo, na anapoona michoro ya watakatifu huanza kutafuta kiti. Atafanya nini Jumamosi nzima? Tatu, magoti yangu si ya ujana tena. Huo mnara wa Belfort unapandika? Pingamizi langu ni kuhusu gharama. Kulala mara mbili katikati ya mji wa kitalii ni ghali, na mtu angeweza kulala Brussels kwa bei nafuu, akaenda Brugge Jumamosi asubuhi mapema kwa treni ya kwanza na kurudi usiku. Je, asingepata hizo saa unazozisifia bila kulipia hoteli ya huko?

Mwanzisha uzi

Kaka, asante kwa maswali ya mtu anayekusudia kusafiri kweli. Nianze na viza: ndiyo, mnahitaji. Kibali cha kuishi Uingereza hakimpi mwenye pasipoti ya Kenya au ya Tanzania ruhusa ya kuingia Schengen. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa muda mrefu zaidi, na kwenu ni Ubelgiji, ingawa ukaguzi wa kuingia utafanywa na Mfaransa pale London. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipungue siku 15. Na bima ya safari inatakiwa iweze kulipia matibabu ya angalau euro 30,000. Ushauri wangu ni muombe mapema zaidi, kwa sababu nafasi za miadi za majira ya joto huisha haraka. Tangu Oktoba 2025 pia kuna mfumo mpya wa mpakani wa kuandikisha alama za vidole na picha ya uso, ambao ni sababu nyingine ya kufika kituoni mapema. Na kabla ya kuondoka hakikisheni kwamba vibali vyenu vya kielektroniki vimeunganishwa na pasipoti mnazosafiria, msije mkapata shida wakati wa kurudi.

Kuhusu mke wako, msilazimishane. Mashua za watalii huzunguka mifereji kwa muda wa nusu saa hivi, na kutoka majini mji huonekana kwa upande ambao barabara hazioneshi: milango ya nyuma, bustani zilizofichwa, madaraja yanayokulazimu kuinama. Upande wa mashariki, kwenye ukingo wa Kruisvest, kuna vinu vinne vya upepo juu ya vilima vya majani. Kile cha Sint-Janshuis kilijengwa mwaka 1770 na bado husaga nafaka. Huko ndiko wenyeji hukimbia na kutembeza mbwa, na watalii wa siku moja hawafiki. Karibu na hapo, katika mtaa wa Balstraat, kuna kituo cha lesi ambapo wanawake hukaa na mito yao na vijiti vya uzi vinavyocheza mikononi kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Mtu aliyekulia katika nyumba ya ushonaji au ya kufuma kofia atakaa hapo saa nzima bila kuombwa.

Mnara wa Belfort una urefu wa mita 83 na ngazi 366, na ngazi za juu ni nyembamba kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka hulazimika kupishana kwa kubanana ukutani. Kwa magoti yenye maumivu sikushauri. Kengele zake 47 husikika vizuri zaidi kutoka chini, ukiwa umekaa uani, na hukosi kitu cha maana.

Sasa pingamizi lako. Nimelifikiria kwa uzito, kwa sababu si kila mtu ana uwezo uleule. Ni kweli kwamba treni za kwanza na za mwisho zingekupa asubuhi na jioni za Jumamosi. Lakini ungekuwa na saa mkononi muda wote, ungekatiza chakula cha jioni ili uwahi treni, na Jumapili asubuhi ungeamka Brussels. Uongozi wa Brugge wenyewe ulitangaza mwaka 2019 kwamba utaacha kunadi safari za siku moja na utawavutia zaidi wageni wanaolala, kwa kuwa wanaopita hujaza mitaa bila kuufaidi mji wala mji kuwafaidi. Kama fedha ni kidogo, mimi ningepunguza kwingine: nunua tiketi za Eurostar miezi kadhaa kabla, wakati bei za chini bado zipo, chagua Februari au nusu ya kwanza ya Machi badala ya Julai au wakati wa masoko ya Krismasi, na tafuta chumba karibu na kituo cha treni, nje ya mfereji wa duara, ambapo bei hushuka ilhali bado uko karibu na Minnewater. Kama ni lazima uchague usiku mmoja tu, basi uwe wa Jumamosi kuamkia Jumapili.

Mchangiaji kutoka Brussels

Nawasalimu wote. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi na ninaishi Brussels na familia yangu. Ninakubaliana na mama aliyeanzisha uzi huu kuhusu kulala Brugge, na ninaomba niongeze mambo ya chakula, kwa sababu wageni wetu wengi hutuuliza hayo kwanza.

Watakaofuata masharti ya dini wafahamu kwamba stoofvlees, nyama ya ng'ombe inayopikwa polepole hadi inakuwa laini kabisa, hupikwa kwa bia. Si kitoweo cha mchuzi wa kawaida. Chipsi, ambazo ni fahari ya nchi hii na ambazo huuzwa katika vibanda viwili chini ya mnara wa Belfort, kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na kila muuzaji ukimuuliza atakuambia anatumia mafuta gani. Wapo wanaotumia mafuta ya mimea. Kome wanaopikwa kwenye sufuria kubwa mara nyingi hutiwa mvinyo mweupe, lakini mnaweza kuomba wa kitunguu na figili peke yake. Krokette za uduvi wa kijivu wa Bahari ya Kaskazini ndizo ninazowapendekeza kwa moyo wote, kwa kuwa uduvi hao huvuliwa pwani ya karibu na ladha yao ni tamu kuliko ya kamba wakubwa.

Kuhusu chokoleti, msinunue ile iliyopangwa milima milima madirishani katika mitaa inayotoka Markt. Ingieni katika duka ambalo fundi wake anafanya kazi nyuma ya kaunta, mnunue vipande vichache, mle siku hiyohiyo.

Na kama treni yenu ya kurudi London ni ya Jumapili jioni, nawashauri mtoke Brugge mchana na kupitia mtaa wa Matonge, katika wilaya ya Ixelles, karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur. Mtaa huu ulichukua jina la Matonge ya Kinshasa, baada ya wanafunzi na wasafiri wa Kikongo kuanza kukutana hapo kuanzia miaka ya 1950 na 1960. Mtasikia Kilingala zaidi, lakini Kiswahili cha Lubumbashi, Bukavu na Goma kipo, pamoja na cha Warundi na Wanyarwanda. Mtapata pondu (kisamvu), fufu, samaki wa kuchoma na ndizi za kukaanga. Kwa mtu aliyekaa siku mbili akila chipsi, sahani hiyo ina thamani yake. Pia mtaelewa kwamba nchi hii na sisi tuna historia ndefu na nzito, na kwamba mji mzuri kama Brugge uko katika nchi hiyohiyo. Mimi naona si vyema kuja Ubelgiji na kuondoka bila kukutana na watu wake hawa pia.

Mchangiaji kutoka Leeds

Shikamooni wakubwa. Mimi na mchumba wangu tunatarajia kufunga ndoa mwakani, na tulikuwa tunafikiria Paris kwa fungate fupi. Baada ya kusoma haya tunasitasita. Je, mji mdogo kama huo hautatuchosha kwa siku mbili? Na je, tungefaa kwenda siku ya ule msafara wa Damu Takatifu?

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu, na hongereni. Paris itawangoja, ni mji wa kwenda kwa wiki nzima, na ukijaribu kuumaliza kwa mwisho wa juma mtashinda kwenye metro. Udogo wa Brugge ndio unaowafaa watu wanaotaka kukaa pamoja. Kutoka ukingo mmoja wa mji wa kale hadi mwingine ni mwendo wa chini ya saa moja, hakuna anayehitaji kushika ramani muda wote, na mkipotea mfereji utawarudisha. Mkichoka na mji, kodini baiskeli na mfuate mfereji ulionyooka hadi Damme, kilomita kama 7 katikati ya miti mirefu iliyoinamishwa upande mmoja na upepo wa bahari. Ardhi ni tambarare kabisa, na hata asiyeendesha baiskeli mara kwa mara ataweza. Huko Damme mtasimama mahali ambapo meli za nchi za mbali zilitia nanga, na leo mtaona malisho ya ng'ombe. Kwangu mimi hakuna somo la historia ya Zwin linaloshinda kusimama pale.

Msafara wa Damu Takatifu huangukia Alhamisi, siku ya 40 ukihesabu kuanzia Jumapili ya Pasaka, na ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2009 kama urithi usioshikika. Mamia ya wenyeji huvaa mavazi ya zamani na kuigiza visa vya Biblia barabarani, na baadhi ya familia hushiriki kizazi baada ya kizazi. Kama imani au historia inawagusa, nendeni, lakini agizeni chumba mapema sana na mjue kwamba siku hiyo mji hautakuwa wenu. Kwa fungate mimi ningechagua mwisho wa juma wa kawaida wa Machi. Wakati huo maua ya manjano huchipua chini ya miti ya Begijnhof, na wageni bado ni wachache.

Namshukuru ndugu yetu wa Brussels kwa nyongeza ya Matonge, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Kwa hesabu ya saa, mkitoka Brugge kwa treni ya saa sita mchana mtafika Brussels karibu saa saba. Pitieni kwanza Midi muache mizigo kwenye makabati ya kituo, kisha chukueni metro mstari wa 2 au wa 6 hadi Porte de Namur, vituo vichache tu. Kama Eurostar yenu ni ya saa kumi na mbili jioni, muwe mmerudi Midi kufikia saa kumi na nusu, kwa sababu huko nako ukaguzi ni wa pande mbili: wa Ubelgiji wa kutoka Schengen, na wa Uingereza wa kuingia.